Makopo Manane ya Chembe Zisizoonekana

Idris Shee aliposhuka kwenye basi pale Garsen, mwezi Agosti mwaka 1998, pua yake iliuona mji kabla ya macho. Nyuma ya gesti ya mzee Wario, katika bonde lililochimbwa na mafuriko ya mwaka uliotangulia, yalituama maji ya rangi ya chai iliyolala: maji ya kuogea ya wageni wa vyumba kumi na vinne, ya sufuria za jikoni, ya kudekia sakafu, na ya mambo mengine ambayo adabu hairuhusu kuyaorodhesha. Abiria wenzake waliziba pua. Idris alivuta pumzi ndefu, kama mtu anayepita jirani na karamu ya harusi.

Idris alikuwa msomi. Alisoma kemia jijini Nairobi kwa miaka miwili na nusu, mpaka yeye na chuo walipoafikiana kuachana, yeye akiwa wa mwisho kuarifiwa. Mama yake, Mwanaarusi wa Kipini, hakuarifiwa kabisa. Alikuwa amewatangazia majirani kwamba mwanawe ni injinia, na kwamba nyumba yake iliyobomolewa na mafuriko itajengwa upya siku injinia atakaporudi. Sasa injinia alikuwa anarudi, na mfukoni hakuwa na nauli ya kumfikisha nyumbani, seuze nyumba.

Alichokuwa nacho ni makala ya kisayansi aliyoisoma maktabani. Kurasa nne kati ya saba, kwa kuwa tatu zilikuwa zimechanwa na msomaji mwenye bidii kumzidi. Makala hiyo ilieleza kuhusu chembe za chuma, ndogo mno, zinazotiwa katika mashimo ya mchanga ili kunasa uchafu wa majitaka. Kurasa nne zilitosha kueleza matumaini. Njia za utekelezaji zilikuwa kwenye zile tatu.

"Mzee Wario," alisema baada ya salamu na kikombe cha chai ya maziwa, "yale maji ya nyuma ni mali."

"Yale ni uvundo," alijibu Wario.

Wario alikuwa Mworma, mfugaji aliyezeeka na ng'ombe zake, na gesti aliijenga ili watoto wake wapate kitu cha kugombania asipokuwepo. Ng'ombe ishirini wa maziwa aliwaweka karibu na mji. Tangu mafuriko yapungue, wakulima wa vijiji vya Kulesa na Wema walikuwa wamepanda upya kandokando ya mto, na kila njia ya kwenda majini ilipita kwenye migomba ya mtu. Kunywesha ng'ombe kukawa kikao cha usuluhishi cha kila siku.

"Uvundo ni maji yaliyokosa elimu," Idris alisema. "Ukiyapitisha kwenye chembe nano, ng'ombe wako watakunywa hapa hapa, nyuma ya jiko. Hutaonana tena na migomba."

"Chembe nini?"

"Nano, mzee. Chembe ya chuma ndogo hivi kwamba unywele ukilazwa pembeni yake utadhani ni mnazi."

Mkewe Wario, Bi Darmi, aliyekuwa akipima maziwa ya wateja, aliinua uso. "Tutaziona vipi?"

"Ukiziona, mama, ujue umeuziwa bandia."

Kesho yake Idris alileta makopo manane ya maziwa ya unga, vifuniko vimezibwa kwa nta ya mshumaa. Wario alipima moja mkononi. "Mbona jepesi?"

"Uzito ni wa vitu vikubwa."

Bi Darmi alifungua jingine akachungulia kwa muda mrefu. "Mimi naona kopo," alisema.

"Mama ana macho mazuri," Idris alimwambia Wario. "Wengi hapo husema wanaona vumbi."

Bei ilikuwa ng'ombe sita. Fedha taslimu Wario alisema hana, na kwa mtu wa aina yake jambo hilo lilikuwa kweli siku zote. Idris, akikumbuka kwamba anashughulika na wajanja wa mifugo, aliweka sharti kwa sauti ya mwanasheria: atawachagua yeye mwenyewe.

"Sawa," alisema Wario. "Chagua mwenyewe. Lakini kwetu mtu akishachagua mwenyewe, hakuna kurudisha, hakuna maneno. Na utachagua siku ng'ombe watakapokunywa. Mimi sijui nano. Ng'ombe atasema."

Hapo ndipo mpango ulipoingia dosari, kwa kuwa Idris alikuwa ameupanga hadi kwenye malipo tu. Alichimba shimo, akalijaza mchanga, akamimina makopo manane ya hewa ya Garsen kwa uangalifu uliowagusa watazamaji. Maji yakapita. Ng'ombe mmoja mwekundu aliletwa, akanusa, akapiga chafya, kisha akamtazama Idris kwa namna ambayo maprofesa pekee ndio waliowahi kumtazama.

"Amesema," alisema Wario.

Kutoroka hakukuwezekana bila nauli. Ikabaki njia moja ya aibu kwa tapeli yeyote anayejiheshimu: kufanya kazi. Idris alichimba mashimo mengine mawili ili maji yatue kwanza. Aliosha mchanga wa mtoni mpaka mikono ikachubuka. Alitwanga makaa. Kwa Josiah, fundi wa kuchomelea vyuma, aliomba unga unaodondoka chini ya msumeno, akauchanganya na mchanga wa shimo la mwisho. Haukuwa nano, ulikuwa chuma cha kawaida kinachoshika kutu kama kingine, lakini kilikuwepo, na hilo lilikuwa tofauti kubwa na bidhaa ya awali. Alijikuta akibuni, shimo baada ya shimo, kurasa tatu zilizochanwa. Alijicheka. Kama angalifanya hivi chuoni, alijiambia, leo asingalikuwa na haja ya kufanya hivi hapa.

Siku ya tisa maji yalitoka meupe, hayana harufu. Hakuna mtu aliyeshtuka kama yeye.

Hata hivyo, tapeli ndiye mtu wa mwisho kuiamini kazi yake. Usiku wa kuamkia siku ya ng'ombe kusema alikuwa hana usingizi, na alfajiri Bi Darmi akamkuta akiyanusa maji kwa mara ya hamsini.

"Injinia unaogopa," alisema.

"Kidogo, mama."

"Mzee wangu mkaidi. Ng'ombe mmoja akigeuza kichwa, amekunyima wote." Alitazama huku na huku, akapunguza sauti. "Wape chumvi. Leo mchana kutwa wasinywe. Jioni watakunywa hata hayo ya zamani."

Idris alimtazama kwa upendo ambao hupatikana tu baina ya watu wa kazi moja. "Mzee hatajua?"

"Mzee anajua nini? Beba gunia."

Akabeba. Chumvi ya magadi, nusu gunia, aliisambaza mwenyewe mbele ya midomo ya ng'ombe ishirini, na alipoona wanavyolamba alimwonea Wario huruma. Kuibiwa na mgeni ni jambo la kawaida. Kuibiwa na mgeni akishirikiana na mkeo kunasikitisha.

Jioni walifunguliwa. Hawakunusa. Walizamisha midomo katika maji ya Idris, na kwa muda mrefu hapakusikika kitu ila koo ishirini zikifanya kazi. Wenye gesti ya jirani walikuja kutazama. Wario alivua kofia, akaivaa tena.

"Wamesema," alitangaza. "Chagua."

Idris alizunguka zizini mikono nyuma, kama mkaguzi. Waliokuwa wembamba aliwapita. Alichagua sita ambao matumbo yao yalikuwa duara kama madumu, ngozi zimevutika ziking'aa, na kila alipogusa ubavu Wario aliguna kama mtu anayeng'olewa jino. Kwenye yule wa sita Bi Darmi aliingilia kati.

"Huyo si umwachie mzee, jamani? Ona alivyonona."

"Nimechagua, mama," alisema Idris, akijiona mkatili kidogo.

Asubuhi aliwaswaga kuelekea Minjila, alikokuwa akinunua mifugo Nzai, mchuuzi kutoka Malindi mwenye lori. Njiani Idris alikuwa akijenga kichwani: msingi, kuta, baraza ya mama. Alikuwa amefika kwenye mabati alipotambua sauti nyuma yake. Ng'ombe wa kwanza alikuwa akikojoa. Akafuata wa pili. Wakakojoa sita kwa pamoja, wakapumzika, wakaanza tena, bila haraka, kama watu wanaotimiza ahadi. Kila baada ya kilomita moja matumbo yalishuka, nyonga zikachomoza, na mbavu zikajitokeza moja moja. Walikuwa vikongwe, walionenepeshwa jioni moja kwa chumvi ya Bi Darmi. Wario alikuwa akitafuta njia ya kuachana nao tangu kabla ya mafuriko.

Idris alisimama barabarani. Alifikiria kurudi, akasikia sauti yake mwenyewe ya mwanasheria ikisema atachagua mwenyewe. Kule nyuma ya jiko mashimo yake matatu yalikuwa yakichuja vizuri, na yangeendelea kuchuja miaka mingi. Kwa hayo yote alikuwa amelipwa kwa maji yale yale, yakiwa yametiwa kwenye ngozi. Alianza kucheka, akacheka mpaka ng'ombe mmoja akageuka kumwangalia.

Nzai aliwazunguka mara mbili, akataja bei ya mabati ya upande mmoja wa paa. Idris alikubali, akaona mama ataambiwa kwamba mainjinia hujenga kwa awamu.

"Wewe kazi yako nini, ndugu yangu?" Nzai aliuliza akihesabu noti.

"Nasafisha maji. Nayachuja."

Nzai aliitazama barabara iliyolowa kutoka upande wa Garsen, kisha mifupa sita iliyosimama mbele yake.

"Naona," alisema. "Hawa hukuwabakishia hata tone."