Trauti Wangu wa Mto Murta

Alhamisi, 6 Februari
Tumepiga kambi kando ya mto Murta. Mvua. Mke wangu Nélida alitaka tusonge mbele hadi mji wa Cochrane, kwa kaka yake Ruperto, tukalale pakavu. Nimekataa. Mtu hanunui fimbo ya kuvulia kama yangu ili aupite mto nayo garini. Nimewatangazia kwamba hatuondoki mpaka niwalishe trauti niliyemvua mwenyewe.

Mama mkwe, doña Uberlinda, akauliza je, nikishindwa? Nikamwambia achague adhabu. Akachagua usukani! Jumapili asubuhi nisipokuwa na samaki, ataendesha yeye hadi mlangoni kwa Ruperto, mimi nikae nyuma na masufuria. Nimekubali bila kupepesa macho. Tangu nioe, kwa Ruperto nafika nimeshika usukani, majirani wakitazama. Sina nia ya kuacha.

Ijumaa, 7 Februari
Mvua bado. Ndoana yangu imenasa hema mara mbili na kofia ya Nélida mara moja. Trauti hawajajionyesha. Nadhani wanaiogopa fimbo.

Mama mkwe anavua kwa kopo. Kopo tupu la maziwa ya unga, mshipi umezungushwa juu yake, basi. Marehemu mume wake alivua hivyo. Nimemweleza kwa heshima kwamba dunia imeendelea. Akasema na mvua nayo imeendelea, na unga uko wapi, akande maandazi ya sopaipilla.

Hapo nikashtuka. Kwetu mvua ikinyesha lazima maandazi yale yakaangwe, na wakishashiba, trauti wangu atamshangaza nani? Walipokuwa wakikaza kamba za hema, nimeuchukua mfuko wa unga nikauficha mtoni, katikati ya mizizi ya mti. Kazi safi. Hata panya asingeshuku.

Chakula cha jioni: chai. Nélida ameninunia.

Jumamosi, 8 Februari
Mto ulipanda usiku. Unga umekuwa donge.

Mama mkwe ameukuta alipokwenda kuchota maji. Nilisubiri matusi. Hakutukana. Alimega kidonge, akakichomeka kwenye ndoana, akauzungusha mshipi juu ya kichwa mara kadhaa, akarusha. Sijamaliza kucheka, kopo likaanza kutetemeka mkononi mwake. Trauti mrefu kama mkono wangu! Akaninyooshea donge: chukua chambo, mwanangu, bado wapo wengi. Nimekataa. Fimbo yangu hutumia chambo cha manyoya ya rangi, haitumii ugali.

Hata hivyo nimewakumbusha ukweli. Unga ulipelekwa mtoni na nani? Nani aliuweka mahali pa kulowa? Kwa hiyo samaki yule ni wangu. Mama mkwe amekiri kwamba kazi ya kuloweka niliifanya vizuri sana. Kisha akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa gari.

Nimekula vipande vitatu. Mvuvi lazima ale.

Jumapili, 9 Februari
Cochrane. Mvua imekatika tulipoingia mtaani, ili majirani wote wapate kuona. Ruperto alikimbia kunifungulia mlango wa dereva kama kawaida yake, akakutana na mama yake. Akanitafuta. Nilikuwa nyuma, kati ya hema lililolowa na sufuria kubwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikashuka polepole, nikajipangusa, nikamwambia kwamba siku hizi nina dereva.

Mezani nimewasimulia jinsi trauti wa Murta alivyonaswa kwa chambo changu. Wamenisikiliza kimya, na nimeona kwamba ni kimya cha heshima. Nilijisikia fahari hata nikasimama. Nimeapa mbele ya wote: tukirudi, nitavua wawili palepale. Mama mkwe amesema vizuri, ila ufunguo anao yeye mpaka nyumbani.

Sawa. Safari hii sitarudia kosa. Unga siugusi. Nitaficha mafuta ya kukaangia, na mahali nimeshapapata, ambapo mama mkwe hatapafikiria kamwe: chini ya kiti cha dereva.