X Ukutani kwa Shangazi Somoe

Jumatatu, 14 Julai

Mlio haunitoki: kigololi ndani ya kopo la rangi ya kupuliza, kikigonga mpimaji wa barabara alipolitikisa. Alilitikisa kwa jirani yetu Adelina. Akachora X ukutani, alama ya nyumba itakayobomolewa. Akapita kwetu bila kugeuza shingo.

Barabara ya njia nne inakuja Kinyerezi kwa fedha za wageni. Mtaa mzima, aliyesoma uchumi ni mimi peke yangu. Tasnifu yangu ilihusu uwekezaji wa kigeni katika barabara. Ukurasa wa arobaini na moja unasema wazi: wa kwanza kunufaika ni wanaolipwa fidia. Sisi hatumo.

Adelina ameshafunga turubai juu ya X yake isinyeshewe. Ameniuliza, kwa huruma kabisa, kama shahada yangu nayo ina fidia.

Jumatano, 16 Julai

Shangazi Somoe, mwenye nyumba, kaenda hitma Mbagala. Nimenunua kopo. Jekundu. X zote nilizoziona tangu utotoni zilikuwa nyekundu. Ya Adelina ni ya kijani, nadhani nyekundu iliwaishia. Nimechora yangu kubwa kuliko yake, kati ya dirisha letu na fremu ya duka ya Kasimiri, fundi cherehani, mpangaji wetu. Mguu mmoja wa X umepinda. Hata hivyo, kupinda kumeipa sura ya kiserikali.

Alhamisi, 17 Julai

Shangazi amerudi, ameiona, amekaa barazani bila kuvua baibui. Kisha akasema nyumba hii marehemu mumewe aliijenga tofali kwa tofali, na kodi ya fremu ndiyo iliyonisomesha. Nikamwambia asijali, fidia inakuja.

Adelina akapaza sauti kutoka uani kwake. Fidia ni kijani, mwanangu. Nyekundu ni ya waliovamia barabara: kinakuja kijiko cha tingatinga, kinabomoa, huambulii hata pole.

Nilitaka kukiri. Nikafika kwenye neno "Shangazi", nikaishia hapo.

Kasimiri naye alisikia. Jioni kabeba cherehani, kahamia kwa binamu yake kule Kipawa. Aliniaga vizuri. Eti sista, mie nina oda ya sare za kwaya, siwezi kushonea kwenye kifusi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimesugua kwa mafuta ya taa. X haitoki, inasambaa. Ukuta umeiva kama uso wa mtu aliyefumaniwa.

Jumatatu, 21 Julai

Kijiko kimefika. Dereva ni mgeni. Hasomi Kiswahili, anasoma rangi. Aliinua mkono wa chuma mbele ya baraza. Shangazi akatoka na mkeka, akautandika, akaketi. Nikaketi kando yake. Nikamwonyesha dereva vidole vyangu, bado vina wekundu kwenye kucha. Hakuelewa.

Shangazi alielewa.

Mpimaji, Bwana Theonest, akaja mbio na daftari lake. Nyumba yetu haimo humo, akasema. Iko hatua saba nje ya barabara. Akasema tuna bahati: nyumba za mbele zikiondoka, tutatazamana na lami, na fremu yetu itagombewa na wapangaji kumi. Akamwambia shangazi amwombe Mungu amwepushe na adui mwenye kopo. Shangazi akakunja mkeka. Hakunitaja.

Jumanne, 22 Julai

Asubuhi shangazi amenipa hela ya rangi nyeupe na amri moja: akirudi kutoka sokoni Mabibo asiikute hiyo X.

Nimewaza sana. Fremu kugombewa ni habari ya baadaye, na ukurasa wa arobaini na moja hauzungumzii baadaye. Nimepitia hatua zangu zote, moja moja, kwa utulivu. Mpango ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa rangi tu.

Dukani nyeupe ilikuwepo. Nimenunua kijani. Nimeshapaka, juu ya ile ile, na safari hii miguu yote imenyooka. Namsubiri shangazi barazani, mikono nyuma.