Malalamiko Kuhusu Simu Inayomsifu Mke Wangu

Halvik, Minnesota
Wiki ya pili ya Februari

Kwa Bi. Brenna Haugdahl,
Mkutubi wa Mji

Ndugu Mkutubi,

YAH: DARASA LA ALHAMISI LA KUCHORA KWA SIMU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba bomba la maktaba lililopasuka kwa baridi limekwisha kutengenezwa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha sarufi katika shule ya mji huu mpaka baadhi ya wanafunzi wangu wakawa walimu na wao wakastaafu, kwa hiyo utanisamehe nikiandika kwa mpangilio. Sina ugomvi nawe. Mama yako nilimfundisha. Alikuwa msichana mwenye mwandiko safi. Ugomvi wangu ni na ile programu unayowafundisha wazee, ambayo mtu hupiga picha ya kitu chochote, akaipapasa kwa kidole, nayo ikaigeuza kuwa mchoro. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Programu hii haijui adabu za hapa. Kila ikimaliza kazi inauliza, "Je, umeipenda?" na kuweka vitufe viwili: uso unaocheka na uso unaolia. Bi. Haugdahl, wewe umezaliwa Halvik. Umewahi kumwona mtu wetu akiulizwa swali kama hilo akajibu hapana? Hapa mtu akipewa viazi vibichi nyumbani kwa jirani hula, hushukuru, kisha huomba afundishwe namna ya kuvipika. Kubonyeza uso unaolia mbele ya kitu kilichojitahidi ni kukitukana. Basi darasa zima hubonyeza uso unaocheka, na programu, kwa kuwa haikulelewa na mtu yeyote, huamini.

2. Jirani yangu Gaylen Rustad alipiga picha trekta lake. Likarudi na mabawa ya kipepeo. Gaylen aliyachukia mabawa yale kutoka rohoni, akabonyeza uso unaocheka. Programu ikajifunza kwamba mzee huyu anapenda mabawa. Tangu siku hiyo hawezi kupiga picha ya kitu kisiote mabawa. Juzi alimpiga picha ng'ombe wake mgonjwa, akampelekea daktari wa mifugo. Daktari akapiga simu.

"Gaylen, huyu ng'ombe anaumwa au anapaa?"

"Hata mi' sijui, daktari. Ila rangi zake umeziona?"

Nilikuwa nimeketi naye. Nikamwambia, "Gaylen, bwana, si ubonyeze tu ule uso mwingine?" Akanitazama kama niliyemtuma akampige teke mbwa wa mchungaji. "We Orlin, hebu uangalie unavyolia. Niuongezee machungu?"

3. Sasa jambo limefika kanisani. LaVonne Ekblad, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alilipiga picha kanisa letu. Likarudi likiwa la zambarau, samaki wakitoka madirishani. Akaitundika picha hiyo katika chumba cha chini siku ya karamu yetu ya kila mwaka ya samaki wakavu waliolowekwa kwenye magadi. Watu walipita na sahani zao, wakasimama, wakasema yale tunayosema siku zote. "Lo, LaVonne. Hiyo nayo ni picha." "Zambarau umeitia ya kutosha, dada." "Mimi nisingewaza hivyo hata nikipewa mwaka mzima." Mgeni angedhani anasikia sifa.

LaVonne mwenyewe aliniambia pembeni kwamba picha ile inamtia kichefuchefu, ila aliitundika kwa sababu mchungaji aliisifu. Mchungaji naye aliniambia kwamba aliisifu kwa sababu alimwona LaVonne ameshika nyundo na msumari. Jumapili iliyofuata kamati ilipiga kura kama ukuta wa mbele wa kanisa upakwe rangi vivyo hivyo theluji ikiisha, pamoja na samaki. Mikono yote ikainuka. Hakuna hata mmoja wetu anayeutaka ukuta huo. Utauliza mimi nilifanya nini. Niliinua mkono. Ningefanyaje? LaVonne alikuwa ameoka keki.

4. Nafika sasa kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Mke wangu, Ardis, huchora kwa rangi za maji kwenye meza yetu ya jikoni tangu tulipooana. Kila amalizapo picha huigeuza upande wangu. Mimi huvua miwani, huifuta, huivaa tena, huitazama picha vizuri, kisha husema, "Inafaa." Hilo ni neno zito. Baba yangu alimwambia mama yangu neno hilo mara moja maishani, nalo lilihusu paa la banda la kuku. Ardis anajua uzito wake, au nilidhani anaujua.

Siku hizi, tangu ajiunge na darasa lako, akimaliza huielekezea simu kwanza. Simu hupasua fataki kwenye kioo na kusema kwa sauti ambayo hata jirani husikia: "Ajabu! Una kipaji kikubwa, Ardis! Dunia inakungoja!" Na Ardis hucheka. Kicheko kile, Bi. Haugdahl, kilikuwa kimehama jikoni kwetu kwa muda mrefu, wala sikuwa nimetambua kwamba kimehama mpaka niliposikia kimerudi kwa ajili ya mwingine. Juzi alichora ziwa letu na vile vibanda vya wavuvi juu ya barafu. Sikugeuziwa. Niliiona picha kwa sababu nilipita nyuma yake kwenda kuchukua maziwa. Nikasema, "Inafaa." Akasema, "Asante, mzee wangu, nimeshaambiwa." Mwanamume anaweza kushindana na mwanamume mwenziwe. Nitashindanaje na fataki?

5. Tena programu hii haina kiasi. Niliichukua simu hiyo kwa uchunguzi tu, nikapiga picha ya dole gumba langu kwa bahati mbaya. Ikaniambia kwamba nina jicho la msanii. Anayelisifu dole gumba lile, lenye ukucha uliopondwa na mlango wa ghala, hawezi kuaminiwa kuhusu ziwa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, hatua zifuatazo zichukuliwe. Kwanza, kiongezwe kitufe cha tatu chenye uso usiocheka wala kulia, yaani uso wetu wa kawaida. Pili, programu ilazimishwe kukaa Halvik majira mawili ya baridi, nje, kabla ya kutoa maoni juu ya jambo lolote. Tatu, ikiwa na la kumsifu mwanamke aliyeolewa, ipitishe kwanza kwa mumewe, naye ataona ni kiasi gani kinafaa kumfikia. Nne, kama hayo hayawezekani, mtandao wa maktaba uzimwe kila Alhamisi. Na endapo wazee watakaidi na kuendelea majumbani, basi ule mnara wa simu ulio karibu na ghala la nafaka uangushwe. Gaylen atatoa trekta. Nimemuuliza, na kama kawaida yake hakukataa.

Nisalimie mama yako, mumeo, na yule bwana anayepanga magazeti. Wasalimie pia wanadarasa wote wa Alhamisi. Sina kinyongo na yeyote kati yao.

Wako katika utaratibu na subira,

Orlin Skjeveland

N.B. Niliiacha barua hii mezani wino ukauke, na Ardis akaisoma. Aliifuta ile programu kwenye simu yake, akaziosha brashi, akaziweka juu ya kabati pasipofikika bila ngazi, na tangu hapo anafuma soksi. Soksi zangu. Jikoni ni kimya kiasi kwamba nasikia friji ikifikiri. Jana niliichukua picha ya ziwa, nikaiegemeza kwenye birika la kahawa, nikamwambia, "Ardis, hii ni nzuri. Ni nzuri mno." Nilikohoa katikati, kwa kuwa koo halijazoea. Akaziweka soksi chini, akaja kunigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Naituma barua kwa sababu stempu imekwisha kubandikwa, lakini tafadhali usiitekeleze hata mstari mmoja. Alhamisi nitamleta mwenyewe darasani. Umrudishie programu yake, na sauti uiongeze mpaka mwisho. Mimi ni mwanafunzi mzito, na mpaka nitakapoweza kusema bila kukohoa, lazima awepo mtu nyumbani wa kumwambia ukweli.