Mafunzo ya Kukosea

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema sana. Mwalimu wa taaluma kahamishwa, kiti chake ki wazi! Mwalimu mkuu katutangazia ofisini: mkondo wa darasa la sita utakaofanya vizuri zaidi mazoezi ya hesabu za sehemu kwenye kompyuta kufikia Ijumaa, mwalimu wake ndiye atakayekikalia. Mkondo A ni wangu. Mkondo B ni wa mwanyumba wangu, yaani yule bwana aliyemwoa mdogo wa mke wangu, ambaye mama mkwe humtaja kila anapotaka kunirekebisha. Mwalimu mkuu akaendelea kueleza kuwa kompyuta ni ya kusaidia tu, mtoto afundishwe kwanza darasani ndipo akafanye mazoezi huko. Sikusikiliza sana. Nilikuwa nakitazama kile kiti. Kina magurudumu!

Nyumbani nikamwambia mke wangu cheo nimeshapata. Nilikusudia kusema nakaribia kupata. Ulimi uliteleza. Naye akamwambia mama yake. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza. Hajawahi kunipongeza kwa lolote tangu nioe.

Jumanne, 4 Juni

Nimefikiri. Kama ndani ya kompyuta yumo mwanamke anayefundisha sehemu kwa sauti tamu, mimi nikaushe koo kwa nini? Nimewaingiza watoto chumba cha kompyuta tangu asubuhi, kila mmoja na hedifoni zake. Mimi nikajilaza kidogo nyuma. Dirishani nilimwona mwanyumba akikata karatasi vipande vya nusu, robo na thumuni, kajaa chaki hadi kwenye nyusi. Watoto wake walikuja kwenye kompyuta kipindi cha mwisho tu, kufanya mazoezi. Nilimhurumia. Mtu wa kizamani.

Matokeo ya jioni: wao juu, sisi mkiani. Kiranja wangu, binti mwenye adabu za kuudhi, akasema yule mama wa kwenye kompyuta anaeleza vizuri, lakini mtu asipoelewa anarudia maneno yaleyale, maana haoni uso wa mtu. Nikamwambia aache kusengenya watu wazima.

Jumatano, 5 Juni

Nimegundua siri! Programu ina huruma. Mtoto akikosa mfululizo, humshusha darasa. Akizidi kukosa, hushuka mpaka darasa la kwanza, anakoulizwa ndizi mbili na ndizi moja ni ngapi. Na karatasi inayomfikia mwalimu mkuu huonyesha asilimia za zoezi la mwisho, haisemi la darasa gani. Basi! Tukosee wote hadi chini, halafu tupate mia kwa mia. Nikajipongeza kwa chai.

Kikwazo: kukosea si rahisi. Kila swali lina majibu manne ya kuchagua. Wasiojua wanabahatisha, wanapatia, programu inawapandisha tena. Mtoto mmoja akaniuliza: kama jibu sahihi silijui, mwalimu, nitalikwepaje? Ikabidi nishike chaki.

Alhamisi, 6 Juni

Niko hoi bin taabani. Nimefundisha sehemu siku nzima ili wazikosee. Nusu na robo, robo na thumuni. Nimekata hata karatasi, nikajificha mwanyumba asinione. Nimepita dawati kwa dawati nikiwatazama usoni, maana asiyeelewa mmoja tu anaweza kupatia kwa bahati mbaya akaniharibia kazi. Kiranja alilia. Alisema mkono unakataa kubonyeza uongo. Nikamsihi avumilie kwa ajili ya wenzake.

Jioni wote wakawa darasa la kwanza, na wote mia kwa mia! Mwanyumba akaja kuniuliza nimewafanyaje. Nikamjibu kwamba ualimu ni kipaji.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi. Mwalimu mkuu alisoma karatasi, akafurahi mno, akaja darasani kuwapongeza. Hapo ningeomba aishie. Akaanza kuwauliza mwenyewe maswali ya darasa la sita, kwa mdomo, na majibu manne ya kuchagua. Watoto wakanitazama. Nikawakonyeza, maana yangu waseme jibu la kweli. Wao wakaelewa tuendelee kama jana.

Wakakosa. Mmoja baada ya mwingine, kwa sauti kubwa, bila kusita, darasa zima.

Mwalimu mkuu akaitazama tena ile karatasi. Kisha akasema hata mjinga akibahatisha hupatia mara moja moja, na kwamba darasa haliwezi kukosa kila swali mpaka liyajue majibu yote. Akamwuliza kiranja kulikoni. Yule binti akavuta pumzi, akamwaga kila kitu, halafu akajibu maswali yote sawasawa. Wenzake wakafuata. Hakuna aliyeshindwa hata moja! Mwalimu mkuu akaniambia hajawahi kuona sehemu zikifundishwa vizuri namna ile, wala kwa nia mbaya namna ile. Cheo kampa mwanyumba. Kazi yake ya kwanza ni kunikagua mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kaja. Kampongeza mwanyumba sebuleni kwangu, mbele yangu. Mke wangu hajanisemesha tangu jana, na hilo limeniuma kuliko cheo. Mwanyumba, kwa upole wake ule usiovumilika, akamwambia mama kwamba watoto wangu wanazijua sehemu kuliko wake, na kwamba nikifundisha vile kila siku hakuna wa kunifikia. Mama mkwe akageuka, akaniuliza kama ni kweli naweza kufundisha. Mke wangu naye akanitazama, kwa mara ya kwanza leo. Nikaona aibu, nikatoka uani kutafakari.

Nimetafakari vya kutosha. Kosa langu liko wazi: nilifundisha mno. Ningewaacha wanne watano hawajui kitu, wangepatia mawili matatu kwa kubahatisha, na mwalimu mkuu asingeshuku chochote. Nimerudi ndani nikamwambia mke wangu asiwe na wasiwasi, nimejifunza. Sitafundisha tena namna ile.