Elektroni Tano za Agoni

Jumatatu, 4 Machi

Profesa ametangaza kwamba atakayepata matokeo mazuri wiki hii ndiye atakayetuwakilisha kwenye mkutano ng'ambo. Maabarani tuko wawili tu. Mimi, na mwenzangu ninayemwita Bi Taratibu, maana hukagua kila kitu mara mbili. Kazi yetu ni moja: kuipiga gesi ya agoni kwa leza, mwanga mkali mno, mpaka atomi zing'oke elektroni. Yeye amefikisha tatu. Mimi nitafikisha tano. Nimeshaazima suti ya kaka.

Jumanne, 5 Machi

Zamu yangu. Kukaza bolti zote za chemba, lile pipa la chuma tunamopigia gesi, na kusubiri pampu inyonye hewa yote iliyomo ni kazi ya asubuhi nzima. Nimekaza nusu. Nyingine naona ni za mapambo. Leza juu kabisa, agoni ndani. Kwenye grafu ya skrini, kilele kirefu, palepale inapotakiwa kutokea agoni iliyopoteza tano. Nimempigia mama. Ameuliza hizo elektroni zimekwenda wapi, na mwenyewe akizitafuta je. Hata hivyo ameshawatangazia majirani.

Jumatano, 6 Machi

Profesa kafurahi. Kamwita Bi Taratibu aje ajifunze. Huyo naye, kwa upole wake: "Samahani ndugu yangu, ukiifunga chupa ya agoni, kilele kinaondoka?"

Nimeifunga mbele yao, bila wasiwasi. Kilele kimebaki. Kimenona kidogo.

Akaeleza kuwa ni oksijeni. Hewa imepenya kwenye bolti. Agoni ni nzito, lakini ikipoteza tano huvutwa kwa kasi zaidi, ikakifikia kigunduzi, chombo kinachozihesabu atomi, sawia na oksijeni iliyopoteza mbili tu. Nimesema nilikuwa nawapima umakini wao. Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 7 Machi

Bi Taratibu ndiye anayesafiri. Profesa kaniagiza nikaze kila bolti na nipime chemba tupu kwanza. Nimeitikia vizuri sana. Kaka anadai suti yake. Shida ni kwamba nilishaipunguza miguu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeachana na agoni, gesi ya kisirani. Sasa ni neoni. Bolti nimekaza, zile zinazofikika. Nimewasha leza, na kilele hicho, palepale kilipokuwa Jumanne: elektroni tano tena. Nimemwambia mama awarudie majirani. Chupa ya neoni yenyewe bado sijaifungua. Ndivyo leza yangu ilivyo na nguvu.