Kuhusu Kunyimwa Bia Katika Baa ya Tulia

Munyaka, Eldoret
Jumatano asubuhi

Mheshimiwa Chifu,

Nakuandikia kwa heshima, na kwa uchungu mwingi. Mimi ni Gerishon Gikonyo, mwalimu mstaafu wa Jiografia na mzee wa kanisa. Wiki jana nilikuja ofisini kwako kuomba baa ya Tulia, inayopakana na ua wangu, ifungwe. Uliniuliza kama nimewahi kuingia humo. Nikajibu kwa fahari kwamba sijawahi. Ukaniambia niende nijionee kwanza, ndipo nilete malalamiko yenye ushahidi. Jumamosi saa kumi alasiri nilivaa suti, nikabeba daftari, nikaenda. Ushahidi ni huu:

1. Nilipokelewa vizuri. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, hata majibu nilikuwa nayo. Badala yake Oketch, yule fundi wa kuchomelea mageti, aliinuka, akapangusa kiti chake kwa kofia yake, akasema, "Karibu Mwalimu, kaa hapa. Hiyo ingine itakuangusha." Majibu yangu yote yakaenda bure.

2. Nilinyimwa bia. Niliagiza chupa moja, si ya kunywa, bali ya kuweka kama kielelezo. Mama Leonida, mwenye baa, aliniangalia kutoka viatu hadi miwani. "Mzee, wewe hujazoea," akasema. "Wacha nikuletee chai." Chifu, leseni iliyotundikwa ukutani inataja vileo. Haitaji chai popote. Tena ilikuwa chai ya maziwa mengi na tangawizi, inayoshinda ile tunayopewa kanisani baada ya ibada, jambo ambalo mimi kama mzee wa kanisa siwezi kulivumilia.

3. Kelele hazikuwepo. Nilipofungua daftari nizinakili, walizima redio wakidhani nataka kusema jambo. Ndipo Cyril, muuza maziwa kutoka Kapseret, akaniomba niamue ubishi wao: maji ya mto Sosiani huishia wapi? Nilieleza kwa dakika arobaini. Nilichora mito mezani kwa kidole kilicholowa chai, mpaka Ziwa Victoria. Hakuna aliyesinzia. Nimefundisha miaka thelathini na nne na sijawahi kuona kitu kama hicho. Walevi wanaosikiliza hivyo wanaziaibisha shule zetu.

4. Hili ndilo linalonisumbua zaidi. Marehemu mke wangu Waiyego, aliyefariki Agosti, alikuwa akiwapelekea mayai kila Ijumaa kwa miaka mitatu, kupitia mlango wa nyuma. Sikujua. Mama Leonida alidhani najua. Alinieleza jinsi Waiyego alivyokuwa akikaa nusu saa jikoni kwake, akicheka mpaka anashika ukuta. Mimi nikauliza, kwa ukali kidogo, mbona basi hawakuja mazishini.

Oketch alijibu akiangalia sakafu: "Tulikuja, Mwalimu. Tulisimama huko kwa mahindi, sababu wewe ndio ulikuwa kwa geti."

Ni kweli, Chifu. Nilikuwa kwenye geti, na nilikuwa nimetangaza kwamba mlevi yeyote asiingie.

Halafu wakasimama wote wakavua kofia, na mimi nikalia mbele ya watu, ndani ya jengo lenye leseni ya vileo, bila kuonja hata tone. Mlevi akilia tunaelewa. Sheria inasemaje kuhusu mtu anayelia kwa sababu ya chai?

5. Nilisindikizwa mpaka mlangoni kwangu. Ni hatua ishirini.

Kutokana na hayo, ni wazi kwamba baa hii haiwezi kufungwa kwa kelele, maana haina, wala kwa ulevi, maana walikataa kunilewesha. Naomba basi ifungwe kwa kosa la ukarimu. Mzee akizoea kuulizwa habari zake, na kusimuliwa mambo ya mkewe ambayo hakuyajua, ataacha kukaa peke yake. Nyumba yake ataichunga nani? Kama sheria ya kosa hilo haipo, tafadhali itungwe.

Nisalimie mama watoto, makarani wako, askari wote wa lokesheni, na yule Mama Hulda anayeuza ndizi nje ya ofisi.

Wako mwenye masikitiko,
Mwalimu G. Gikonyo

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha niifunge mlango ulipobishwa. Alikuwa Oketch. "Mwalimu, siku mbili hatujaona ukifungua dirisha. Uko mgonjwa?" Nina mafua tu. Amewasha jiko, amepika uji, na sasa amekaa hapa akinisubiri nimalize kuandika. Anapeleka kazi yake upande wa ofisini kwako, na amejitolea kukuletea barua hii kwa mkono, nisitoke kwenye baridi. Chifu, mpe kiti. Akikuuliza nimeandika nini, msomee kipande hiki tu. Hizo kurasa zingine washia moto.