Alama ya Serikali Imeishia Mikononi Mwangu

Leo nimeaibika, tena ukweni.

Mnaujua ugonjwa wangu wa kutazama video za bunduki za kijeshi za kale. Nyota hii ni ya jeshi gani, taji lile ni la serikali gani, yote nayajua. (Bunduki yenyewe sikuwahi kuishika.) Basi jana nilipanda pikipiki kutoka Kasongo hadi Kabambare, kuwasalimu wazazi wa mchumba wangu Furaha.

Leo asubuhi nimemkuta baba mkwe na mashaka. Binamu yake wa Nyangwe anakuja, na kila akija husema babu yao hakuwa askari wa serikali zamani za Wabelgiji, alikuwa mpagazi tu. Ushahidi wa kumpinga ni mmoja: bunduki ya babu, mbovu, ila kwenye ubao wa kitako imepigwa alama ya serikali. Imefifia. Furaha alikuwa amekwisha kunisifu, kwa hiyo mzee akaniomba nimsomee.

Nikaona nyota. Nikaona na herufi mbili, ya pili imejaa uchafu wa miaka. Nikapiga picha haraka. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaomba majani ya msasa, yale ya kulainishia mipini ya majembe. Nikasugua kidogo. Ubao ukaanza kupendeza! Nikasugua kwa moyo wote, jasho linanitoka, mama mkwe ananisifu kwa mbali kuwa nina mikono ya kazi.

Nilipopangusa vumbi, kitako kilikuwa kinang'aa kama mwiko mpya. Nyota hakuna. Herufi hakuna. (Nilikigeuza upande wa pili, labda zimehamia huko.)

Binamu akaingia wakati huohuo. Baba mkwe, ambaye hakuwa ameona kitu, akaniita kwa fahari.

"Mukwe, mwonyeshe alama ya serikali."

Nikasema niliiona. Nikasema na picha ninayo. Nikafungua simu: kidole gumba changu, skrini nzima. Binamu alikitazama kwa makini, akauliza kama nacho kilikuwa askari. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee alipapasa ule ubao laini. Nilimhurumia kuliko nilivyojihurumia. Kisha akasema taratibu, "Zamani kwetu, mukwe alikuwa analeta bunduki ya mahari. Siku hizi tunasamehe watu. Weye hatutakusamehe. Na ile utaleta, ikuwe na alama."

Msicheke, tafadhali. Furaha amekwisha kucheka kwa niaba yenu nyote.